Sifonofora asomwe akiwa hai

Kitabu ninachokitumia kufundishia biolojia hapa Bukavu kinampa sifonofora, mnyama laini wa baharini aliye jamaa wa meduza (yavuyavu), aya moja na mchoro mmoja, na karibu kila mwaka mwanafunzi fulani huuliza kama huyo ni mnyama mmoja au ni wengi walioshikana. Swali hilo lina thamani kuliko mchoro wenyewe, na kwa maoni yangu halijibiki barabara mpaka mtu amwone sifonofora akiwa hai majini, viungo vyake vyote vikifanya kazi.

Mwili wake huanza na yai moja lililorutubishwa. Kutokana na yai hilo hukua kiumbe wa kwanza, kisha wengine huchipuka kwenye shina lilelile bila kuachana: baadhi ni kengele za kusukuma maji, baadhi ni vinywa, baadhi hubeba mbegu za uzazi, baadhi ni ngao tu. Wote wana vinasaba vilevile, na chakula kilichomezwa na kinywa kimoja husambazwa shinani kwa wenzake wote. Mwaka 2020, roboti ya utafiti iliyoshushwa kwenye kina kirefu mbele ya pwani ya Australia Magharibi ilimpiga picha sifonofora wa aina ya Apolemia aliyejizungusha duara juu ya duara, na duara la nje peke yake lilikadiriwa kuwa na urefu wa mita 47.

Mnyama wa namna hiyo hawezi kuingia kwenye chupa. Wavu wa planktoni, yaani wa kunasia viumbe wanaoelea majini, humkatakata kama utando wa buibui, na hata asipokatwa, akisumbuliwa tu huanza kuziachia kengele zake mwenyewe. Kinachofika kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia miili ya wanyama, ni vipande visivyo na rangi, na vipande hivyo vimewahi kuipotosha sayansi yenyewe. Katika kundi la sifonofora liitwalo Calycophorae, sehemu ndogo za shina zenye kinywa na viungo vya uzazi hujitenga na kuogelea peke yake, na wataalamu wa zamani waliozikuta hivyo walizipa majina ya spishi mpya, hata mnyama mmoja akawa na majina mawili vitabuni. Hadi leo mwanafunzi anayesoma orodha za zamani hukutana na majina hayo. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba kielelezo kilichohifadhiwa kinatosha kwa kufundishia.

Kumweka hai, hata hivyo, ni kazi ngumu. Ni lazima achukuliwe na mzamiaji kwa chombo cha kioo chenye mdomo mpana, au na roboti yenye mtungi unaofungwa taratibu, bila kuguswa. Carl Vogt, mtaalamu wa wanyama aliyechapisha mwaka 1854 uchunguzi wake wa sifonofora wa bahari ya Nice, kusini mwa Ufaransa ya leo, alikuwa na bahati ya pwani ambako kina kirefu kiko karibu na nchi kavu. Kuhusu tangi, hatua kubwa ilikuja mwaka 1968, Mjerumani Wolf Greve alipoeleza tangi la mviringo ambamo maji huzunguka polepole na kumbeba mnyama bila kumgongesha ukutani wala kumnasa pembeni. Viputo vya hewa navyo ni hatari, kwa kuwa hunasa katika mwili laini na kumwinua juu. Hata kwa uangalifu wote huo wengi hawadumu, na naona ni haki jumba la maonyesho kumwonyesha kwa muda mfupi, au kuonyesha picha za video za baharini, kuliko kumwacha asambaratike mbele ya watazamaji.

Pale ambapo hata hilo haliwezekani, napendelea kioo. Leopold Blaschka na mwanawe Rudolf, mafundi wa Dresden, walitengeneza kati ya mwaka 1863 na 1890 maelfu ya vielelezo vya kioo vya wanyama wa baharini, sifonofora wakiwemo, na kengele zao bado zinaonekana kama zimejaa maji.

Sisi wa Kivu hatuna bahari karibu, na hakuna sifonofora anayeishi katika maji yasiyo na chumvi. Lakini kusini yetu, katika Ziwa Tanganyika, yuko meduza mdogo Limnocnida tanganyicae, aliyeonwa na msafiri Mjerumani Richard Böhm mwaka 1883, naye ni wa ngeli ileile ya sifonofora, kundi kubwa la wanyama liitwalo Hidrozoa. Ningependa sana wanafunzi wangu washuke hadi Uvira, mji ulio ufukweni mwa ziwa hilo, wamtazame katika chombo cha mviringo, chini ya lenzi ya kawaida, kwa sababu meduza huyu huchipuza watoto kwenye shina la kinywa chake. Wakikomaa, watoto hao hukatika na kwenda zao. Kwa sifonofora hubaki wameshikamana, na mwanafunzi aliyekwisha kuona chipukizi likikatika ataelewa kwa urahisi zaidi maana ya lile lisilokatika.