Siku Moja Maishani Mwangu: Watatu na Maiki Moja

Saa nne asubuhi. Ukumbi mtupu, funguo ninazo mimi. Mimi ni fundi sauti, na siku yangu huanza na waya. Napima mmoja baada ya mwingine, kwa sababu waya mbovu ukiubaini asubuhi unaubadilisha tu, lakini ukikatika usiku mbele ya watu anayeaibika ni msanii. Leo kuna bendi kubwa, na kuna watakaowatangulia. Hao kwenye karatasi yangu wamepewa mstari mmoja: watu watatu, gitaa, fidla, mandolini (mfano wa gitaa dogo), wote wanaimba.

Saa saba mchana. Vyombo vya bendi kubwa vinashushwa. Ngoma, kinanda, amplifaya, waya tena.

Saa tisa alasiri. Watatu wale wanaingia, kila mmoja na chombo chake mgongoni. Vijana wa mji huu huu, na sijawahi kuwasikia. Hawana meneja wala kampuni ya kurekodi. Wanatunga wenyewe, wanajirekodi chumbani. "Shikamoo fundi," anasema binti wa fidla, na kabla sijamaliza kuitikia, mwenye gitaa anauliza: "Tunaweza kutumia maiki moja, sote?"

Moyo wangu ukachangamka pale pale. Anayeomba hivyo anajua kazi.

Saa kumi jioni. Nawawekea maikrofoni ya kondensa, ile inayohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, yaani meza yangu ya kuchanganyia sauti. Bendi ikisimama mbele ya maiki moja, mimi sina cha kupandisha wala kushusha kwa kila chombo. Wanajichanganya wenyewe kwa miguu. Anayeongoza wimbo anasogea, wengine wanarudi nyuma, na anayeongeza umbali wake mara mbili sauti yake inashuka kama desibeli 6 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti). Wakaomba pia nizime spika za jukwaani. Sawa kabisa: maiki kama ile inanasa kila kitu, na hewa iliyomo ndani ya tumbo la gitaa huitikia karibu na hezi 100, yaani sauti nzito za chini, kwa hiyo spika ikiwa jirani, sauti yake hurudi kwenye maiki na mvumo hauchelewi.

Wakaanza. Mandolini na fidla hufungwa nyuzi kwa mpangilio mmoja wa noti, G, D, A, E, ila mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili. Ndiyo maana wapigaji wengi hujikuta wanafuatana kwenye njia ile ile. Hawa hawakufanya hivyo hata mara moja. Mandolini ilikata mapigo kavu, ikashika kazi ya ngoma. Fidla ilikaa chini, noti ndefu, ikipanda pale tu mwimbaji alipovuta pumzi. Gitaa lilikuwa limefungwa D-A-D-G-A-D, mpangilio alioueneza mpiga gitaa Mwingereza Davey Graham miaka ya 1960; ukizipiga nyuzi zake wazi, haziegemei furaha wala huzuni. Juu ya hapo binti akaimba habari za mama anayekunja nguo za mwanawe aliyehama. Hakuna neno la majonzi ndani ya wimbo ule, na gitaa linakataa kuamua kwa niaba yako. Sauti ya pili na ya tatu zilipoingia, niliondoa mikono kwenye mikisa. Nimesikia wapigaji hodari wengi, lakini wanaosikilizana kiasi kile ni wachache sana, na kusikilizana huko ndiko ninakokuita kipaji.

Saa kumi na mbili. Nampigia simu meneja wa ukumbi, ambaye kwa kawaida hufika bendi kubwa inapopanda. "Dada, leo njoo mapema. Tafadhali."

Saa mbili usiku. Ukumbi umejaa nusu. Miili na nguo za watu humeza sauti kali, hivyo naongeza kidogo hizo sauti kali, basi. Walioko karibu na mlango wanaongea. Ningeweza kuwafunika kwa sauti kubwa, ila ingeharibu kila kitu ambacho watatu wale wamekijenga. Nikaacha. Badala ya kupiga kwa nguvu, wao wakapunguza, na hadi wimbo wa tatu hata wa mlangoni walikuwa wamesogea mbele. Meneja alisimama pembeni yangu muda wote, hakugusa simu yake.

Saa nne usiku. Bendi kubwa. Walipiga vizuri.

Saa saba usiku. Nakunja waya. Nilikuwa nimerekodi onyesho la wale watatu kutoka kwenye mikisa, nikawapa faili lote lilivyo, bila kulipamba. Meneja akawafuata mlangoni: "Mna nyimbo za kujaza usiku mzima?"

Wakatazamana. "Tisa," akasema wa mandolini.

"Ongezeni. Nawapa tarehe mwezi ujao, na jina lenu ndilo litakalokuwa juu."

Wa gitaa akaniuliza kama nitakuwepo. Nikamwambia hiyo tarehe hata ningekuwa likizo ningekuja.