Vali iliyogeuza usukani wa ndege

Jana usiku nimemaliza kusoma ripoti ya ajali ya USAir 427 na bado sijatulia. Boeing 737 ile ilikuwa inakaribia Pittsburgh, Marekani, Septemba 8, 1994, anga shwari, ikabiringika ghafla na kuanguka. Watu 132, hakuna aliyepona.

Kilichonishika zaidi ni subira ya wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri. Zaidi ya miaka minne! Mwaka 1991 ndege ya aina hiyo hiyo ilishaanguka Colorado Springs na kuua watu 25, na uchunguzi ukafungwa bila chanzo kujulikana. Kisha Juni 1996 ndege ya Eastwind ikaanza kubiringika karibu na Richmond, ila hii ikatua salama. Sasa walikuwa na rubani aliye hai, anayeweza kueleza pedali za kugeuzia usukani wa mkiani zilivyokuwa chini ya miguu yake.

Wakaupoza kwa baridi kali mtambo unaosukuma usukani huo, halafu wakaupitishia mafuta ya haidroliki (yale yanayouendesha) yaliyopashwa moto. Vali iliyo ndani yake ikakwama. Na ikikwama vile, usukani unaweza kwenda kinyume na upande anaokanyaga rubani. Hapo ndipo niliweka ripoti pembeni kwanza. Mtu anakanyaga kwa nguvu zote aokoe abiria wake, na mguu wake huo huo ndio unaoipindua ndege.

Ripoti ilitoka Machi 1999. Mwaka 2001 ajali ya Colorado Springs nayo ikapata jibu, na mwaka uliofuata mamlaka ya anga ya Marekani ikaagiza mfumo wa usukani huo ubadilishwe kwenye ndege za 737.