Ukihama Insulatard kwenda glargine, chunga mchana

Insulatard na glargine ni insulini za kisukari zinazofanya kazi muda mrefu. Insulatard ni nyeupe kama maziwa, glargine ni angavu kama maji. Shida ni kwamba insulini ya haraka, ile ya kabla ya kula, nayo ni angavu. Kalamu za kuchomea zote mbili, ya glargine na ya haraka, zikikaa kopo moja, izungushie moja raba, na usome jina kila unapochoma. Uniti 24 za ile ya haraka zikiingia usiku kwa makosa, safari ni ya hospitali.

Dozi nayo haihamishwi ilivyo. Aliyekuwa akichoma Insulatard mara mbili, tuseme uniti 18 asubuhi na 12 usiku, kwa kawaida huanzishwa asilimia 80 ya jumla: 30 zinakuwa 24, mara moja kwa siku, saa ileile. Ukiandikiwa 30 zilezile, muulize daktari sababu.

Sasa mchana. Insulatard hufika kileleni kati ya saa 4 na 10 tangu kuchomwa, kwa hiyo ile ya asubuhi ilikuwa ikibeba ugali wa mchana bila wewe kujua. Glargine haina kilele cha kutajika, inakwenda sare karibu saa 24. Ndipo unakuta sukari asubuhi ni 6.2 mmol/L, alasiri 14. Wengi hapo wanailaumu dawa mpya na kuiongeza, kumbe wanajitafutia sukari kushuka usiku wa manane: jasho, shuka limelowa, kichwa kinagonga alfajiri. Pengo la mchana huzibwa na insulini ya haraka kabla ya kula, au sahani yenye wanga kidogo.

Glargine inahukumiwa kwa sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote. Utaratibu unaotumika sana, ukishakubaliana na daktari, ni kuongeza uniti 2 pale asubuhi 3 mfululizo zinapozidi 7.2. Sukari ikishuka chini ya 4 bila sababu, dozi inapunguzwa. Na kabla ya kuongeza, amka usiku mmoja saa 9 upime.

Usiivute glargine kwenye bomba moja la sindano na insulini nyingine. Imetengenezwa na asidi ili ikifika chini ya ngozi igande chembechembe zinazoyeyuka taratibu. Ukiichanganya, mwendo huo unavurugika.

Kalamu ikishaanza kutumika ina siku 28, chini ya nyuzi 30. Dar ya Februari chumba hupita hapo, hivyo chungu cha udongo chenye mchanga mbichi kinafaa. Kila sindano mpya, toa kwanza uniti 2 hewani. Ukishachoma, hesabu hadi 10 ndipo uchomoe. Tone likidondoka, umechomoa mapema. Usirudie dozi.