Mikwaruzo ya Bisibisi

Msimu wa korosho wa 2014, Probox ya baba ilikuwa hailali. Leo Nanyamba, kesho Tandahimba, keshokutwa Newala, vumbi mpaka ndani ya redio. Ndipo ikaanza kuvuja oili upande wa puli ya krenki. Baba akanipa hela nimpelekee fundi abadilishe sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeshinda gereji siku mbili tatu, najiona fundi kamili. Sili nikanunua, hela ya ufundi nikaitia mfukoni, kazi nikaifanya mwenyewe nyuma ya nyumba, Chikongola, Mtwara, baba akiwa msibani Mikindani.

Sili ya zamani ilikuwa imekauka kama ganda la korosho. Nikachomeka bisibisi, nikabinua, nikagonga, nikabinua tena. Ilipotoka, tundu lilikuwa na mikwaruzo miwili, mmoja unaingia ukucha. Nikapaka silikoni juu yake, nikagongelea sili mpya, nikanawa mikono.

Haikumaliza wiki. Safari hii oili ililowesha hadi mkanda wa alteneta, ukawa unalia. Karibu na Nanyamba taa nyekundu ikawaka. Baba akazima hapohapo, akachomoa kijiti cha kupimia: kikavu. Tulivutwa na pikapu ya watu mpaka gereji ya mzee mmoja Magomeni, hukohuko Mtwara.

Mzee akatoa puli, akamulika tochi, akapitisha ukucha. Kimya kirefu.

"Mjomba, humu aliingia nani?"

Baba hakumjibu. Alinitazama mimi.

Mikwaruzo ilikuwa afadhali. Ukingo wa tundu ulikuwa na ufa, na tundu lenyewe limo kwenye kava la cheni inayoendesha valvu, kava la aluminiamu. Tena pampu ya oili imo humohumo ndani ya kava. Likaagizwa lingine Dar es Salaam, likaja na basi. Kazi ya sili ya elfu chache ikawa ya siku mbili.

Kwanza injini ilishikiliwa kwa jeki na kipande cha mbao, maana maunti ya kulia, kile kishikizo kinachobeba injini, imefungwa kwenye kava lenyewe. Likatoka kava la valvu, ikatoka pampu ya maji, zikatoka bolti nisizozijua, kila moja ikapangwa kwenye boksi mahali pake kwa sababu hazilingani urefu. Cheni mzee hakutaka iguswe kabla hajaitia alama kwa rangi ya kucha ya mkewe. Mimi nilipewa wembe nikwangue silikoni kuukuu asubuhi nzima. Kava hilo halina gasketi, ni silikoni tupu, na silikoni haishiki penye oili. Hapo ndipo nilipojua ile yangu ilikuwa mapambo.

Sili mpya akanipa mimi. Nilifikiri ananitania. Akapaka oili kwenye mdomo wa sili, akaweka ile ya zamani juu yake iwe kikalio, akanikabidhi nyundo.

"Taratibu. Kama unabisha hodi ukweni."

Oili haikumwagwa ndani mpaka kesho yake, silikoni ishike. Jioni tukarudi na gari nyumbani. Baba akatandika boksi la sabuni chini ya injini, akaingia kulala bila neno. Alfajiri nilimkuta amechuchumaa na tochi. Boksi kavu. Akalirudisha palepale, na likakaa mwezi mzima.

"Ile hela ya fundi," akasema, "ilikuwa shilingi ngapi vile?"