Kwa mbili

Wiki hii imekuwa nzito. Tumemzika baba mdogo, kipindi changu kimehamishwa kutoka jioni hadi alfajiri, na dada amejifungua salama. Yote hayo nimeyapokea. Kilichokataa kunitoka kichwani ni jibu la Kifunguamimba siku ya Jumatatu, ambalo hata sentensi kamili halikuwa.

Nilimtumia ujumbe wa sauti nikiwa studio, kabla ya kwenda hewani. Ulikuwa mrefu, dakika nne na ushei. Kwa kuwa mitihani ilimzuia kuja mazikoni, nilitaka kumweleza kila kitu: nani alikuja, nani alisoma wasifu, babu yake alisimamaje pale kaburini. Mwisho nikagusia fomu ya shule. Nikaona kile kialama cha kipaza sauti kimegeuka buluu, maana yake ameufungua, na mara jibu likaingia: "Sawa Mama, fomu nimeiona." Nikatazama saa ya studio. Dakika nne zilikuwa bado hazijapita.

Jioni nikamwuliza.

"Mwanangu, ule ujumbe uliusikiliza wote?"

"Niliusikiliza, Mama. Kwa mbili."

"Kwa mbili vipi?"

"Kasi ya mbili. Kila mtu anasikiliza hivyo."

Akaendelea na simu yake. Hakusema kwa jeuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angekuwa amekasirika ningejua pa kuanzia. Alisema kama anavyoniambia kuwa maji yamechemka.

Mnaonisoma siku zote mnajua sauti ndiyo inayotulisha nyumbani. Watangazaji wa Kiingereza hukadiriwa maneno kama 150 kwa dakika. Sisi wa Kiswahili, ambao neno moja laweza kubeba mtenda, wakati na mtendwa, hatuhitaji mengi kiasi hicho. Lakini idadi ya maneno ni jambo dogo. Nilichofundishwa kwa miaka ni kituo: wapi uvute pumzi, wapi umwachie msikilizaji nafasi jambo limwingie. Sasa mtoto niliyemzaa anabonyeza mara mbili tu na vituo vyangu vyote vinabanwa. Jumanne nikisoma vichwa vya habari nikaisikia. Kwa mbili. Jumatano nimekaa na wenzangu kwenye kikao cha ratiba mpya, mkuu anaeleza kwa nini wanihamishie alfajiri, nami nimo kwenye maneno yale yale. Kila mtu anasikiliza hivyo.

Ni kweli, kila mtu wa rika lake anasikiliza hivyo. WhatsApp ilileta ujumbe wa sauti mwaka 2013, na mwaka 2021 ikaongeza kitufe cha kasi, moja na nusu na mbili. Mwishoni mwa 2024 ikaja na kugeuza sauti kuwa maandishi kwa baadhi ya lugha, kwa hiyo wapo ambao hawasikilizi kabisa, wanasoma. YouTube ilikuwa na kasi zake zamani. Kwenye TikTok unashikilia kidole pembeni mwa skrini na video inakimbia. Hata nyimbo wanazopenda wanazitaka mbio. Mtindo huo nilidhani ni wa juzi, kumbe una umri wa kutosha: mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wawili wa Norway walioharakisha muziki kama kazi ya shule walijiita Nightcore, na jina hilo likawa jina la aina nzima ya muziki. Kufikia 2022 nyimbo zilizoharakishwa zilikuwa zimetapakaa TikTok kiasi kwamba kampuni za rekodi zenyewe zikaanza kutoa matoleo rasmi ya kasi. Na hata hao si wa kwanza. Kizazi cha santuri kilikuwa kikiweka sahani ya mizunguko 33 kwa dakika kwenye kasi ya 45 ili kucheka.

Ila kuna tofauti, na kwa mtu wa kazi yangu si ndogo. Wimbo ukiharakishwa kwa mtindo ule, sauti hupanda, mwimbaji akasikika kama mtoto. Ujumbe wa sauti haupandi. Programu inabana muda na kuacha sauti ilivyo, hivyo anayenisikia kwa mbili ananisikia mimi hasa, mama yake, ila mama asiyevuta pumzi.

Wazazi wenzangu wana maelezo yao tayari: vijana hawa hawana subira. Sikubaliani nao. Huyu huyu anaweza kumtazama mtu asiyemjua akicheza gemu mubashara kwa saa tatu. Huyu huyu huwasha simu ya video na rafiki yake, kila mmoja akafungua daftari lake, wakakaa saa nzima hawasemi neno, na ukijaribu kumwambia azime simu kwa kuwa hawaongei, anakushangaa: wako pamoja. Mtoto anayeweza kukaa kimya hivyo na mwenzake hana tatizo la subira. Basi nikajikuta nauliza swali baya zaidi. Ukimya wa rafiki anauvumilia saa nzima. Wangu wa sekunde tatu, mbona anaukata?

Alhamisi usiku nikipita mlangoni kwake nikasikia simu ikisema. Sauti ya msichana, polepole, yenye vituo virefu na pua iliyoziba. Ilipokwisha akairudisha mwanzo. Nikasubiri mpaka ikaisha tena, nikabisha, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Huyo mbona hukumweka kwa mbili?"

"Analia, Mama. Mtu analia utamharakishaje?"

Nilitaka kuishia hapo, lakini nikashindwa. "Na mimi je?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Wewe ndiyo zaidi. Nilianza kawaida. Ulipofika kwa babu ukanyamaza, nikasikia unavyovuta pumzi. Nilikuwa kwenye basi, limejaa, watu wananitazama. Nikaweka mbili ili nipate maneno tu."

Sikuwa na la kusema. Siku tatu nilikuwa nimelilia kile kituo kana kwamba kimetupwa, kumbe kilimfika barabara. Kilimfika kuliko maneno. Alikisikia, akajua anachokisikia, akajua pia kwamba hawezi kukibeba kati ya watu wasiomjua, mkono mmoja kwenye chuma cha basi. Zamani habari ya msiba ilimfikia mtoto akiwa nyumbani, mbele ya mtu mzima wa kumshika. Sisi tunawapelekea kila kitu popote walipo, kwenye foleni, kwenye korido ya shule, dakika moja kabla ya mtihani, sauti zetu zikiwa na kila kitu ndani, halafu tunashangaa wakitafuta namna ya kupunguza makali. Hawakuomba kufikika saa zote. Wamejikuta wanafikika, na wamejitengenezea njia zao ndogo ambazo sisi tunaziita ukosefu wa adabu.

"Ujumbe wenyewe ninao," akaongeza. "Nimeuwekea nyota. Nitausikiliza kawaida mitihani ikiisha, tukiwa wote."

Akarudi kwa rafiki yake, akaanza kumrekodia jibu. Nilipotoka nilimsikia ameanza, amefuta, ameanza upya, kwa sauti ya chini ambayo hanitumii mimi. Alikuwa anatafuta pa kuweka kituo. Sikumfundisha kamwe, wala hajawahi kuniuliza. Ijumaa niliingia kwenye kipindi changu cha kwanza cha alfajiri nikiwa mwepesi ajabu. Nilisoma taratibu kuliko kawaida na fundi mitambo akaniashiria mara mbili nikaze mwendo. Sikukaza.

Sasa ninaloshinda nalo ni la baba. Leo nimepita kumwona, nikapangusa meza yake ya dawa, na vidonge vya presha vimebaki vingi mno kwenye pakiti kwa tarehe tuliyo nayo. Nilipomwuliza akasema ananywa. Kitindamimba, ambaye amelala huko tangu tumzike baba mdogo, anasema hajamwona akinywa hata asubuhi moja. Kesho nikitoka hewani nitapitia kwa daktari wake kwanza, kabla sijamwambia mtu yeyote.