Kaka Yangu na Hot Space

Juni 5, 1982, mimi na kaka tulipanda treni kutoka London kwenda Milton Keynes kuwaona bendi ya Queen. Njia nzima alilalamika. Albamu yao mpya, Hot Space, ilikuwa na wiki mbili tu tangu itoke, naye keshaikataa. Alikuwa na sahani zao zote, na alizoea kunionesha maandishi kwenye majalada ya zamani, yaliyotamba kwamba humo ndani hamna sintesaiza, yaani vinanda vya kielektroniki. Sasa wamekwenda Munich na Montreux, ngoma zinapigwa na mashine, besi inatoka kwenye kinanda, na gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao, limekaa pembeni kama mgeni asiyealikwa.

"Disko tupu, mdogo wangu. Wametuuza hawa, wallahi!"

Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Freddie Mercury, mwimbaji wao, kazaliwa kwetu Unguja, na kwetu muziki usiomnyanyua mtu kitini haujakamilika. Isitoshe, Another One Bites the Dust, utunzi wa mpiga besi wao John Deacon, ilikuwa imetikisa dunia mwaka 1980. Kwa nini wasiifuate njia ile mpaka mwisho wake?

Jioni, Freddie aliwaambia watu kwamba zinakuja nyimbo mpya, na kwamba hawajapoteza roki yao. Ile ni sahani tu, akasema, watu wanapandwa na mori wa nini? Waliotuzunguka walikunja mikono. Ikaanza Staying Power. Tarumbeta alizozipanga mtayarishaji Arif Mardin kwenye albamu hazikuwapo. Deacon alikuwa ameweka besi chini, kavaa gitaa, yeye na May wanaikwangua midundo ile kwa pamoja, mikali, mikavu, inakuingia kifuani. Nikacheza palepale. Nilipomtupia jicho kaka, kichwa chake kilikuwa kinakwenda na mdundo.

Albamu ilifika namba 4 Uingereza na 22 Marekani, wakati The Game, albamu yao ya mwaka 1980, ilishika namba 1 kote kuwili. Wengi waliihukumu kwa tarakimu hizo, nami bado naona ilionewa.

"Mbona hawakuirekodi hivi?" kaka aliuliza tuliporudi kwenye treni. Tukabishana mpaka stesheni ya Euston, London, yeye na magitaa yake, mimi na tarumbeta zangu. Katika albamu ile, Under Pressure peke yake, waliyoiimba na David Bowie, ndiyo hakuwa na neno nayo.