Ubao wa taa za mashua: nilimsikiliza fundi, nikaaibika Mudaka

Kila anayeniuliza kwa nini taa zangu ziko kwenye ubao nyuma ya mashua, si kwenye remorki yenyewe (lile tela la kubebea mashua linalovutwa na gari), namuuliza kama amewahi kushusha mashua ziwani. Remorki inaingia Kivu kinyumenyume mpaka magurudumu yazame, na taa ambayo imetoka kuwaka breki mteremko mzima inaingia maji baridi ikiwa bado moto. Nimeshaua jozi mbili hivyo. Tatu, tukihesabu ile niliyoipaka gundi ya kuzibia matairi nikijisifu kwamba maji hayataingia. Yaliingia, ila hayakutoka.

Basi mwaka 2019 nikaamua kutengeneza ubao wa kuchomoa. Ukifika ukingoni unautoa, unaulaza kwenye majani, ndipo unashusha mashua. Mbao ni mkalitusi, mita moja na nusu hivi, kipande kilichobaki kwenye kitanda cha watoto. Taa ni za pikipiki. Nilizinunua Kadutu, Bukavu, pamoja na nyaya na prizi ya miguu 7, ile ya kuunganisha taa na umeme wa gari. Vyote dola 15, labda 20, maana mwenye nyaya nilimlipa kwa franga na sikuhesabu vizuri. Kupigilia taa na namba ya gari hakuna la kueleza.

Ninachojivunia ni namna unavyoning'inia. Wengine walinishauri kamba za mpira. Mmoja alisema nitoboe mashua. Nitoboe mashua! Mimi nikakaa nikaitazama tezi, yaani nyuma ya mashua: pale kuna pete mbili za chuma za kushikia usukani wa mashua, na barabarani usukani umelala ndani, pete hazina kazi. Nikakunja nondo mbili nyembamba, nikazifunga nyuma ya ubao, zikashuka kwenye zile pete kama usukani wenyewe. Chini nikaweka pini ubao usiruke. Barabara ya Kavumu imeuchezesha kila ngoma inayoijua, na haujadondoka hata mara moja.

Sasa masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye batri. Fundi mmoja wa umeme wa magari alinikuta navuta waya wa masi kutoka ubaoni hadi garini, akacheka. "Papa, unatupa waya bure. Gari ni chuma, remorki ni chuma, na pale zinaposhikana ni chuma. Masi inapita yenyewe." Nikaona haya. Nikaukata, ncha nikaifunga kwenye chasi ya remorki. Pale nyumbani kila taa iliwaka vizuri, hata nikamshukuru.

Jioni yake natoka Katana, mashua bado inachuruzika maji, saa kumi na mbili na nusu, giza limeshashika. Karibu na Mudaka kuna kijana wa pikipiki ananipigia honi nyuma, haachi. Mwisho akaja sambamba na dirisha: "Papa, unapinda kuume ao kushoto? Chagua moja!"

Nikasimama. Nikawasha ya kushoto: zinapepesa zote mbili, hafifu kama mshumaa unaoisha. Kijana akanikanyagia breki: kila taa ikawaka kidogo, hata za kupindia, na hakuna hata moja iliyowaka kweli. Watu wa soko wakajaa. Mzee mmoja akauliza kama mashua ina homa.

Kesho yake nikatafuta kosa kwa globu moja yenye nyaya mbili, sina chombo kingine. Ile tufe inayovuta remorki nilikuwa nimeipaka grisi vizuri sana, na chini ya grisi kulikuwa na kutu, kwa hiyo masi haikupita pale. Umeme wa breki ukikosa njia ya kurudi kwenye batri unapitia globu za jirani, unatokea kwenye taa za gari, ndiyo maana zinawaka zote nusunusu. Nilikuwa nimeshaanza kununua globu mpya! Waya wa masi ukarudi, mguu namba 3 wa prizi, tena mnene kuliko wenzake kwa sababu marejeo yote ni yake: breki mbili za wati 21, taa ndogo za usiku mbili za wati 5, na moja ya kupindia ya wati 21. Kwa volti 12 ni kama ampea 6. Nilimwonyesha fundi. Akasema ubaya ni wa tufe yangu.

Nyaya zote nilizopata zilikuwa nyeusi, nikazifungia uzi: fundo moja kushoto, mawili kuume, matatu breki. Usiku unazisoma kwa vidole.

Na kama uko peke yako, breki unaijaribu kwa mwiko wa bugali. Unaubana kati ya kiti na pedali, unazunguka nyuma kutazama. Usiusahau humo, kama mimi. Asubuhi mama watoto anatafuta mwiko nyumba nzima, batri imekufa, na jirani ananiambia taa zangu zilimnyima usingizi mpaka karibu alfajiri: nyekundu, kali, zote mbili.